Unga mweupe kwenye mpungate: ponda kwanza, dawa baadaye

Ndugu zangu wa Pwani wakinitembelea hapa Machakos hawaondoki bila kuomba kipande cha mpungate wakapande nyumbani. Siwanyimi, lakini kabla sijakata hukagua kila bapa, mbele na nyuma. Zawadi hiyo yaweza kubeba balaa.

Mpungate ni ile kaktasi ya mabapa yenye miba, ambayo huku Ukambani wengine huifanya ua wa kuzuia mifugo. Ukiona unga mweupe juu yake, si vumbi. Mara nyingi ni nta inayowafunika wadudu wanaofyonza utomvu.

Chukua kijiti uponde donge moja. Likitoa maji mekundu kama damu, huyo ni kochinili, wa ukoo mmoja na mdudu ambaye watu wa Meksiko wamemtumia tangu kale kutia nguo rangi. Yasipokuwa mekundu, huenda ni vidungata wa kawaida, jamaa za wale waliovamia mipapai yetu ya Pwani mwaka 2016. Vidoto vigumu vinavyobanduka kwa ukucha ni wadudu wa magamba. Ngozi ikigeuka rangi ya kutu na kuwa na utando mwembamba, shuku utitiri.

Kwa nini tuwatofautishe? Kwa sababu kochinili ana sura mbili. Mwaka 2014 aliachiliwa makusudi kule Laikipia ili aue mpungate mwitu uliokuwa umeteka malisho. Kwa mfugaji wa huko ni msaada. Lakini Moroko, ambako mpungate hulimwa kwa matunda, kochinili aliyeonekana mwaka huohuo wa 2014 aliteketeza mashamba mengi. Kwa hiyo usimhamishe kutoka mahali hadi mahali, wala usipige dawa kichakani ambako anafanya kazi yake.

Kwa mmea wako wa nyumbani, fanya hivi:

Kwanza, utenge na mingine. Bapa lililojaa wadudu likate, ulichome au ulifukie, usilitupe jalalani.

Pili, sugua waliobaki kwa mswaki laini na maji yenye sabuni kidogo. Kwenye chungu kidogo, pamba yenye spiriti huyeyusha ile nta na kumfikia mdudu. Dawa nyingi za kupuliza huteleza juu ya nta, ndiyo maana wengi hupuliza bila mafanikio.

Tatu, mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na maji na sabuni husaidia. Jaribu bapa moja kwanza, na upake jioni, kwani jua likikuta mafuta huunguza mmea.

Nne, rudia kila wiki kwa majuma matatu au manne, maana mayai huanguliwa baadaye. Pambana na sisimizi pia. Hula utamu unaotolewa na vidungata na kuwalinda dhidi ya maadui wao.

Mmea ukidhoofika bila dalili yoyote juu, ung'oe utazame mizizi. Vidungata wengine hukaa chini. Osha mizizi, iache ikauke siku chache, kisha panda kwenye udongo mpya.

Na wewe uliyepewa kipande safarini, kiweke peke yake mwezi mzima kabla ya kukipeleka karibu na bustani ya mama.