Kizingiti cha Atomu Kinapopanda

Vitabu vya shule hutufundisha kwamba kila atomu ina viwango vyake vya nishati, na kwamba viwango hivyo havibadiliki. Ili elektroni ing'oke katika atomu ya zenoni, twaambiwa, sharti ipewe elektronivolti 12.13. Mafundisho hayo ni sahihi, lakini usahihi wake una mpaka, na sisi twaona ni haki ya msomaji kuonyeshwa mpaka huo.

Tangu Einstein alipoeleza jambo hili mwaka 1905, imejulikana kwamba mwanga huja kwa mafungu madogo yaitwayo fotoni. Fotoni dhaifu, ikija peke yake, haiwezi kuing'oa elektroni. Leza, iliyoundwa kwanza na Theodore Maiman mwaka 1960, ilibadili hali hiyo: fotoni husongamana hata atomu ikazimeza nyingi kwa pamoja. Mwaka 1979 Pierre Agostini na wenzake, huko Saclay nchini Ufaransa, waliona elektroni za zenoni zikimeza hata fotoni zaidi ya zile sita zilizohitajiwa.

Lakini mwanga mkali hauishii kubisha hodi; huuinua mlango wenyewe. Nguvu ya umeme iliyomo katika mwanga huitikisa elektroni huru huku na huko, na mtikiso huo una nishati yake. Basi elektroni itakayo uhuru hulazimika kulipa na gharama ya mtikiso. Kizingiti hupanda, na viwango vya juu, ambavyo elektroni zake zimeshikwa kwa ulegevu, hupanda pamoja nacho. Kiwango cha chini kabisa hakisogei ila kidogo. Chukua leza ya nanomita 1064 yenye ukali wa wati trilioni 10 kwa sentimita mraba: kizingiti hupanda kwa elektronivolti 1 hivi. Zenoni, ambayo ingetosheka na fotoni 11, sasa yadai 12.

Kwa nini basi vipimo vya mwanzo havikuuonyesha waziwazi mpando huo? Mipigo ya leza ilikuwa mirefu mno. Elektroni ilipotoka katikati ya mwanga kwenda pembeni penye mwanga hafifu, ilisukumwa nje na kurudishiwa gharama yake yote. Ikamfikia mpimaji kana kwamba hapakutokea kitu. Tusiwalaumu waliotangulia, kwani vyombo vyao vilikwenda mwendo wa kobe.

Mwaka 1987 R. R. Freeman na wenzake wa Maabara ya Bell, Marekani, walitumia mipigo isiyotimia hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mwanga ulizimika kabla elektroni haijatoka, na gharama haikurudishwa. Hapo vilele vya nishati vikagawanyika kuwa vilele vyembamba vingi. Kila kimoja kilitokana na kiwango kilichokuwa kikipanda kadiri mpigo ulivyozidi ukali, hata kikalingana barabara na nishati ya fotoni kadhaa kamili, na papo hapo elektroni zikang'oka kwa wingi.

Twawaomba walimu wa fizikia, wanapoitaja ile 12.13, waongeze kwamba hiyo ni hesabu ya atomu isiyoguswa na mwanga mkali. Kwani siku hizi wachunguzi huzitumia hesabu hizo kinyumenyume: kwa kuwa kila kilele hutokea kwa ukali wake maalumu, atomu yenyewe huwapimia leza yao.