Hesabu ya Nafasi Barabarani

Tuchukulie gari dogo lenye urefu wa meta 5, liendalo kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa, yaani meta 10 kwa kila sekunde. Dereva mwangalifu huacha mwanya wa sekunde 2 mbele yake, sawa na meta 20. Hivyo gari hilo, hata likiwa na mtu mmoja tu, limejitwalia meta 25 za barabara. Watu 140, kila mmoja na gari lake, watahitaji msururu wa kilometa 3 na nusu.

Basi refu la mwendokasi, mfano wa yale yaliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, lina urefu wa meta 18 na huweza kuchukua watu wapatao 140. Kwa mwanya ule ule, linahitaji meta 38. (Kusukumana mlangoni saa kumi na mbili asubuhi hakumo katika hesabu hii!)

Lakini basi likichanganywa na magari madogo hukwama pamoja nayo, na abiria wake wote hulipia kwa muda wao nafasi wasiyoichukua. Ndiyo sababu lilitengewa njia yake katikati ya Barabara ya Morogoro.