Taya limefungwa waya: je, unaweza kupuliza tarumbeta?



Taya lililovunjika hufungwa kwa waya kwenye meno ili mfupa utulie na kuunga. Kwa kawaida waya hukaa wiki 4 hadi 6. Wapuliza tarumbeta huuliza: je, naweza kuendelea?

Hapana, mpaka daktari akuruhusu. Kupuliza hukaza misuli ya taya, na mdomo wa tarumbeta husukuma meno. Mfupa ukitikisika hauungi sawasawa, na meno huenda yasikutane vizuri tena. Waya nao huchana midomo kwa ndani. Kwa sasa wasaidie wenzako kwa gitaa.

Zingatia:

- Kunywa uji, supu na maziwa. Sukutua kwa maji ya chumvi kila baada ya kula.
- Usifungue waya mwenyewe ili upulize kanisani au harusini.
- Ukitapika, inama mbele. Ukishindwa kupumua, waya ukatwe mara moja. Tembea na koleo la kukatia.
- Ukiona usaha, homa, uvimbe au waya umelegea, nenda zahanati siku hiyohiyo.

Waya ukishatolewa, anza kwa dakika chache kwa siku. Ukisikia maumivu, pumzika.