Muundo wa mawe ya figo

Mawe ya figo ni vipande vigumu vinavyojengeka ndani ya figo pale chumvi zilizomo katika mkojo zinapozidi kiasi na kuwa fuwele. Kwa macho yanaweza kufanana, lakini kikemia ni vitu tofauti, na tiba hufuata tofauti hiyo.

Aina

Takriban asilimia 80 ni mawe ya kalisi, hasa oksalati ya kalisi. Oksalati hiyo huwa katika madini mawili: weweliti, ambayo ni ngumu na huvunjika kwa shida, na wedeliti, yenye fuwele za ncha kali. Wedeliti imepewa jina la Bahari ya Weddell karibu na Antaktika, kwani ilipatikana pia katika matope ya chini ya bahari hiyo.

Mawe ya asidi ya uriki hutokea mkojo unapokuwa na uchachu mwingi. Hayaonekani vizuri katika picha ya kawaida ya eksirei, lakini mara nyingi huyeyushwa kwa dawa za kupunguza uchachu, bila upasuaji. Dawa hizo haziyeyushi jiwe la oksalati. Struviti hutokana na maambukizi ya bakteria. Jiwe likitolewa na bakteria wakaachwa, hurudi. Mawe ya sistini ni nadra na asili yake ni ugonjwa wa kurithi.

Takwimu

Maabara huchunguza jiwe kwa miale ya infraredi au eksirei na kutoa majibu kwa asilimia. Hapo ndipo penye mtego, maana mawe mengi ni mchanganyiko na jumla lazima iwe 100. Tuseme jiwe lina miligramu 60 za oksalati na 40 za fosfati. Oksalati ikiongezeka hadi 160, fosfati itashuka kutoka asilimia 40 hadi 20, ingawa hakuna hata chembe yake iliyopotea. Karl Pearson alionya kuhusu uhusiano wa uongo wa namna hii mwaka 1897. Katika miaka ya 1980 John Aitchison alipendekeza kutumia logi za uwiano kati ya sehemu na sehemu badala ya asilimia zenyewe.

Kasoro nyingine ni ya sampuli. Mawe madogo hutoka na mkojo na kupotea chooni, hivyo hesabu za hospitali huelemea yale makubwa yaliyohitaji kutolewa. Ndiyo sababu mgonjwa huombwa achuje mkojo wake na kupeleka maabara hata punje ndogo.