Sura ya Tano: Salamu, Jina na Kimya

Vituo vingi vya kulelea watoto mchana vina siku moja ya utamaduni kwa mwaka. Watoto huvishwa shuka, kanga na kanzu, ngoma hupigwa, wazazi hupiga picha. Sina ugomvi na siku hiyo, ila isidhaniwe kwamba kazi imekwisha. Mtoto wa miaka mitatu hana habari na utamaduni. Anachokijua ni ladha ya uji wa kwao, sauti inayomwamsha asubuhi, na namna wakubwa wanavyosalimiwa. Kwa hiyo tuanzie mlangoni, pale mama anapomkabidhi kwa mlezi.

Mtoto wa Dar es Salaam huzoeshwa shikamoo tangu anaanza kusema. Mwenzake aliyehamia kutoka Kisumu au Bukavu huenda hajaizoea kabisa. Akisimama kimya, anaambiwa hana adabu, na mama yake anahukumiwa pamoja naye. Kumbe adabu anayo, ya kwao. Msichana wa Kiganda hupiga magoti anapomsalimu mkubwa. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mtoto anayesemeshwa na mzee huinamisha macho; mlezi akimwamuru "niangalie ninaposema nawe", anamtaka afanye kile ambacho nyumbani ni utovu wa heshima. Ipokee salamu kama ilivyoletwa, iitikie, kisha ya kituoni wafundishe wote bila haraka. Wenzake wakimcheka aliyepiga magoti, mlezi achuchumae hadi kimo chake na kumwitikia kwa heshima ileile. Watoto hufuata macho ya mlezi, na kicheko hakitafika mbali.

Baada ya salamu huja jina, na hapa naomba tukae kidogo. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972. Herufi x husomwa kama ha nzito ya Kiarabu, na c kama ain: Xasan ni Hassan, Cali ni Ali. Mwalimu asiyejua hilo anaweza kuita "Zasan" kila asubuhi huku mtoto ametulia mbele yake, hajui kuwa ndiye anayeitwa. Tena Msomali kwa kawaida hutumia jina lake, la baba na la babu, kwa hiyo mama hafanani jina na mwanawe. Asihojiwe getini kana kwamba amekuja kuiba mtoto wa mtu. Dawa ni nyepesi: mwombe mama alitamke jina taratibu, mara mbili au tatu, na uandike pembeni linavyosikika. Usimbatize mtoto jina jipya kwa sababu la kwake linakupa tabu.

Kimya ndicho kinachowatisha walezi zaidi. Mtoto aliyeingia katika lugha asiyoijua mara nyingi hunyamaza kwa wiki kadhaa, wengine kwa miezi. Wakati huo anasikiliza na kupanga. Hatari ni kumwona mzito wa akili, au kumsahau kwa kuwa hasumbui mtu. Mpe kazi isiyodai maneno: kugawa vikombe, kumwagilia maua, kupiga makofi ya wimbo. Nawe ujifunze maneno machache ya kwao: maji, choo, njaa, inauma, mama atarudi. Hilo la mwisho nalithamini kuliko mengine yote.

Katika jambo hili mtoto ana sheria upande wake. Ibara ya 29 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia 1990 na Tanzania 1991, inataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, lugha yake na maadili yake. Nchini Kenya, Kamati ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Pendekezo zuri pale kijiji kizima kinaposema lugha moja. Lakini nenda Kakuma, kambi iliyoanzishwa 1992 katika ardhi ya Waturkana: Msudani Kusini, Msomali, Mkongomani na Mrundi wanaweza kukaa mkeka mmoja. Hapo sera peke yake haitoshi. Anahitajika mtu mzima wa kwao ndani ya chumba.

Shule za awali za madrasa, zilizoanzia Mombasa miaka ya 1980, zilielewa hilo mapema. Waislamu wa Pwani walihofia watoto wao kubaki nyuma kimasomo. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na kwa juhudi za mwalimu Bi Swafiya Said, wanawake wa mitaa yenyewe walifunzwa ualimu. Vifaa vilitengenezwa kwa vitu vilivyopatikana pale pale, nyimbo na hadithi zikawa za Kiswahili, dini ikapewa nafasi yake, na wanajamii wakashika usimamizi. Mpango ukafika Zanzibar 1990 na Uganda 1993, na watoto wa dini nyingine hupokelewa pia. Mtoto alimkuta darasani mtu anayefanana na shangazi yake.

Wapo wazazi watakaokataa haya yote. "Msemesheni Kiingereza tu, Kikamba atakipata kwa nyanya yake." Usiwabeze. Wengi wao walivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama, na hawataki mtoto apitie aibu ile. Mweleze mama kwamba mtoto anayejua kuhesabu kwa Kikamba hahitaji kufundishwa kuhesabu upya, anahitaji majina mengine ya namba zilezile. Kisha mpatane: mlezi atumie lugha ya kituo, nyumbani hadithi za usiku ziendelee kwa Kikamba, na mchezoni mtoto asikatazwe kamwe kumwita mwenzake kwa lugha ya kwao.