Ukihama, dawa zako zihame nawe

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Msemo huo unaafiki hali inayowakuta wagonjwa wengi wanapotaka kuchukua dawa mahali tofauti na pale walipozoea. Duka moja la dawa linabaki na karatasi ya daktari, na duka la pili linakataa kuuza dawa bila karatasi hiyo. Kliniki moja inachelewesha barua ya kuhama, na ya pili inasema bila barua hakuna dawa. Wanaovutana ni wale walio nyuma ya kaunta, lakini anayerudi nyumbani mikono mitupu ni mgonjwa.

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambazo zamani zilikuwa pamoja katika wilaya ya Nyanza Kusini, jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Watu wa huko ni wa kwenda na kurudi. Mvuvi wa omena hufuata samaki kutoka Mbita hadi Muhuru Bay, au akavuka hadi kisiwa cha Remba. Mchimbaji dhahabu huenda Macalder, mfanyakazi wa miwa huenda Awendo, na mfanyabiashara hushinda Isebania, mpakani na Tanzania. Abiria wa matatu kutoka mjini Migori akifika Rongo na kukata kushoto, muda si mrefu yuko katika kaunti nyingine, yenye idara nyingine ya afya, maana huduma za afya ziliwekwa mikononi mwa kaunti mwaka 2013. Je, dawa zake nazo zinavuka mpaka?

Cheti ni cha nani?

Tuanze na duka la dawa la kawaida. Daktari akikuandikia dawa, ile karatasi ni maagizo kwa mfamasia yeyote mwenye leseni, wala si kwa duka fulani. Una uhuru wa kuipeleka Rongo, Oyugis au Kisumu, popote ambapo dawa inapatikana na bei inakufaa.

Mfamasia anapokuuzia dawa zote zilizoandikwa kisha akabaki na cheti, asidhaniwe kuwa ni mchoyo. Chini ya Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, anatakiwa kuwa na rekodi ya dawa kali alizouza, ili wakaguzi wa Bodi ya Famasia na Sumu wakifika wapate kuiona. Isitoshe, cheti kilichokwisha kutumika kikiachwa kuzunguka kinaweza kununuliwa dawa mara ya pili na ya tatu, pengine na mtu ambaye si mgonjwa.

Mzozo huanza pale dawa zinapotolewa nusu. Mgonjwa ana pesa za siku tatu tu, au duka lina vidonge kumi badala ya thelathini. Ananunua hivyo vichache, karatasi inabaki dukani, na kesho yake duka la pili linamwuliza, "Cheti kiko wapi?" Akirudi la kwanza anaambiwa angoje mzigo mpya ufike. Hapo cheti kimegeuzwa kamba ya kumfunga mteja, na hilo si haki.

Njia iliyo sawa ni rahisi. Mfamasia aandike juu ya cheti idadi ya dawa alizotoa na tarehe, apige muhuri wa duka, abaki na nakala yake, kisha amrudishie mgonjwa cheti akatafute zilizobaki kwingine. Tahadhari moja: dawa kama mofini, ambazo zinasimamiwa pia na sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, zina masharti makali zaidi. Usishangae mfamasia akikataa nakala na kutaka cheti chenyewe.

Nchi zenye mitambo nazo hazikuepuka mivutano hii. Uingereza, cheti hutumwa kwa kompyuta kwenye hazina ya kitaifa. Mgonjwa huchagua duka analolitaka, na akibadili nia, duka la kwanza hukirudisha hazinani ili la pili likichukue. Hata hivyo maduka yamewahi kulaumiwa kwa kubadili chaguo la mgonjwa bila idhini yake. Marekani, wafamasia huhamishiana vyeti kwa simu au kompyuta, na mwaka 2023 hata vyeti vya kielektroniki vya dawa zinazodhibitiwa viliruhusiwa kuhamishwa mara moja kabla ya dawa kutolewa kwa mara ya kwanza. Kwetu sisi, mara nyingi mgonjwa ndiye tarishi wa karatasi zake mwenyewe.

Mahali panapouma zaidi

Mvutano kati ya maduka humgharimu mtu nauli na muda. Lakini katika dawa za kupunguza makali ya virusi vya HIV, ambazo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma na vya misheni, mvutano kama huo unaweza kugharimu uhai.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, ujulikanao kama KENPHIA, ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima katika kaunti ya Homa Bay walikuwa na virusi hivyo, na Migori asilimia 13.0, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 4.9. Homa Bay pia ina historia ya kujivunia katika matibabu haya. Mwaka 2001, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa dawa hizo bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, iliyokuwa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma nchini kufanya hivyo. Tangu wakati huo huduma imeenea hadi kwenye zahanati ndogo za ufuoni, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri kifo wameona wajukuu.

Kuenea huko ndiko kulikoleta suala la kuhama. Kila kliniki ina wagonjwa wake, mafaili yake na dawa zake. Mgonjwa hupewa nambari yenye tarakimu kumi, na tano za kwanza ni nambari ya kituo kilichomwandikisha. Akihama anatakiwa kwenda na nambari hiyo hiyo, pamoja na barua inayoeleza matibabu yake.

Kila upande una hoja

Si vyema kuwalaumu wahudumu kabla ya kusikia hoja zao. Kwa miaka mingi kliniki hizi zimetegemea wafadhili, hasa mpango wa Marekani uitwao PEPFAR, ulioanza mwaka 2003. Mfadhili hupima kazi kwa hesabu, naye hutaka kujua ni wagonjwa wangapi wanaendelea na dawa. Mgonjwa anayeondoka huipunguzia kliniki hesabu hiyo, na akiondoka kimyakimya huandikwa kuwa amepotea. Si ajabu basi mhudumu kumsihi abaki, au kuivuta barua leo na kesho.

Kliniki inayompokea nayo ina hofu yake. Kila mwezi kituo hutuma ripoti ya wagonjwa wake, dawa zilizotolewa na zilizobaki, na mzigo unaofuata hutegemea hesabu hiyo. Anayefika ghafla hakuwa kwenye hesabu, na kumpa yeye ni kupunguza zilizokusudiwa wengine. Tena mhudumu hajui kama mtu huyo angali anachukua dawa kwingine.

Lakini hoja nzito kuliko zote ya kudai barua ni usalama wa mgonjwa mwenyewe. Watu wazima wengi nchini hutumia kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Iwapo mgonjwa huyo anatibiwa kifua kikuu kwa rifampicin, dawa hiyo huipunguza dolutegravir mwilini, kwa hiyo hulazimika kuongezewa dolutegravir nyingine, iwe mara mbili kwa siku. Mhudumu asiyejua habari ya kifua kikuu atampa kidonge kimoja tu, na kumbe hakitoshi. Mtoto naye hupimiwa dawa kwa uzito wake, na kipimo cha mwaka jana huenda hakimfai leo.

Kwa hiyo barua ina kazi muhimu. Kosa ni kuifanya kuwa komeo la mlango.

Virusi havingoji barua

Dawa za HIV huzuia virusi visizaane. Mgonjwa akizimeza kila siku, virusi hupungua hadi kipimo kisivione, na katika hali hiyo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Akikosa dawa kwa siku kadhaa, virusi huanza kuzaana tena. Vikizaana huku dawa imebaki kidogo tu katika damu, vinaweza kujifunza kuishinda, na dawa iliyokuwa ikimfaa isimfae tena. Kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, pengo hilo huweka hatarini watu wawili.

Ndiyo maana kanuni kuu ya matibabu haya ni kwamba yasikatizwe. Mgonjwa akifika bila barua, jambo la busara ni kumwuliza maswali, kutazama chupa au kadi yake, kupiga simu katika kliniki alikotoka, na kumpa dawa za kumvusha wakati habari zake zikitafutwa. Kumwambia arudi Muhuru Bay akalete barua, naye hana nauli, ni sawa na kumnyima matibabu.

Yafaa pia kujua kwamba si wote wanaoitwa "waliopotea" wameacha dawa. Watafiti waliowafuatilia wagonjwa wa aina hiyo katika Afrika Mashariki waligundua kuwa wengi walikuwa wakiendelea na matibabu katika vituo vingine. Walihama bila kuaga, wengine kwa sababu ya umbali au kazi, wengine kwa kuogopa kukemewa, na wengine kwa kukimbia macho ya majirani. Mgonjwa asiyeogopa kuomba barua ataiomba.

Suala hili lilipata uzito mpya Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake kwa nchi za nje ili kuikagua. Wahudumu wengi waliolipwa na miradi walipoteza kazi, na serikali ya Kenya ikasukuma mbele mpango wa kuunganisha kliniki za HIV na huduma za kawaida za hospitali. Mhudumu aliyekuwa akikujua kwa jina na sura huenda hayupo tena. Linalobaki ni kumbukumbu zilizoandikwa, na heri nawe uwe na nakala yake.

Sheria inasemaje?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 35 kinampa mwananchi haki ya kupata habari anazohitaji ili kulinda haki zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamruhusu mtu kupewa habari zake na kuzihamishia kwingine. Nayo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda siri ya mgonjwa. Kwa ufupi, faili hutunzwa na kliniki, lakini habari zilizomo ni zako.

Ufanye nini?

Ukijua utahama au utasafiri kwa muda mrefu, fanya yafuatayo:

1. Sema mapema, usingoje chupa iishe. Kama ni safari tu, omba dawa za kutosha miezi utakayokuwa nje, kwani huenda huna haja ya kuhama.

2. Omba barua yenye nambari yako, majina ya dawa na kipimo chake, tarehe ulipoanza, matokeo ya mwisho ya kipimo cha wingi wa virusi, magonjwa mengine unayotibiwa, na tarehe ya kurudi. Iwe ndani ya bahasha, na isomwe na mhudumu pekee.

3. Nakili nambari yako na simu ya kliniki mahali salama. Kama una simu yenye kamera, piga picha ya kadi.

4. Usitupe chupa. Hata ikiwa tupu, kibandiko chake kinamweleza mhudumu mengi.

5. Usijiandikishe kliniki mbili kwa siri. Unawaharibia wenzako hesabu ya dawa, na wewe mwenyewe unaweza kupewa dawa zisizopatana.

6. Ukikataliwa, omba kwa upole kuonana na msimamizi wa kituo. Asipokusaidia, nenda kwa idara ya afya ya kaunti. Malalamiko kuhusu duka la dawa yapeleke kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Mashauri haya hayawahusu wenye HIV pekee. Mwenye kifafa akikatiza dawa ghafla anaweza kuanguka barabarani. Mwenye shinikizo la damu anaweza kupatwa na kiharusi, na mwenye kisukari anayetumia insulini hana siku ya kupoteza. Wote hao wanahitaji karatasi iliyoandikwa vizuri, na mtu wa upande wa pili aliye tayari kuipokea.

Wafamasia na wahudumu nao wakumbuke kwamba simu moja kati ya Migori na Homa Bay ni rahisi kuliko nauli ya mgonjwa, na ni rahisi mno kuliko kumtibu mtu ambaye virusi vyake vimekwisha kuizoea dawa. Mpeni kwanza dawa za kumvusha, kisha mtafutane kwa barua.