Dakika 17 za jua kaburini

Wenyeji wa bonde la mto Boyne, mashariki mwa Ireland, walikuwa na usemi kwamba kuna siku jua huingia hadi ndani kabisa ya kaburi la kale la Newgrange. Mwanaakiolojia Michael O'Kelly, aliyekuwa akilichimba, aliamua kujionea. Asubuhi ya Desemba 21, 1967, aliketi humo gizani akasubiri. Ilipofika saa 2:58, uzi wa mwanga ulipenya tundu lililo juu ya mlango, ukatambaa ujia wenye urefu wa mita 19, ukafika chumba cha ndani. Saa 3:15 ukakatika.

Kaburi hilo lilijengwa yapata mwaka 3200 Kabla ya Kristo, kabla ya piramidi kuu ya Giza. Waliolijenga walikuwa wakulima wasiojua kuandika, lakini jua walilijua. Waliona kila siku likichomoza kusini zaidi, mchana ukipungua hadi saa saba na nusu. Kisha, siku chache za Desemba, jua huchomoza palepale kana kwamba limesimama, ndipo lirudi kaskazini. Kama walitaka kalenda tu, kijiti shambani kingetosha. Waliobeba mawe yote yale, nadhani, walitaka wafu wao nao waone jua likigeuka.

Wengi hudhani baridi ya Ulaya huletwa na dunia kuwa mbali na jua. Sivyo. Mapema Januari, watu huko wakitetemeka, ndipo dunia inapokuwa karibu zaidi na jua, kilomita milioni 147. Kisa ni mhimili wa dunia, ulioinama nyuzi 23.4. Desemba, kizio cha kaskazini huwa kimelipa jua kisogo, nalo huwa utosini kwa walio Tropiki ya Kaprikoni.

Siku hizi wanaoingia Newgrange alfajiri hiyo hupatikana kwa bahati nasibu. Hata aliyeshinda huweza kukuta wingu, akarudi na baridi yake.

Sisi wa Dar es Salaam na Nairobi hatuhitaji tiketi. Desemba 21, jua likifika juu kabisa, simama uwanjani utazame kivuli chako: kimelalia kaskazini. Weka alama. Rudi hapohapo Juni 21, saa ileile, utakikuta kimehamia kusini.